Kadi ya Bibi

Ankara iliingia kwenye simu siku ya Jumatano, baba watoto akiwa bado njiani na lori la kazini, ikabidi niifungue mimi. Usiku mmoja kwenye uwanja wa kambi tuliouzoea, ule wenye bwawa la kuogelea na vivuli vya mialoni, mwendo wa saa mbili na nusu kutoka kwetu Houston, ulikuwa dola 89. Tuliponunua karavani yetu mwaka 2018, ikiwa imeshatumiwa na wengine, usiku huohuo tulikuwa tukiulipia dola 42. Chini ya hizo 89 zilipangwa tozo ndogondogo: dola 20 za kuchagua nafasi unayoitaka na kuhakikishiwa kwamba hutahamishwa, dola 8 kila usiku kwa kila mtu baada ya mtu wa nne, na ada ya kuweka nafasi, ambayo hairudishwi hata safari ikivunjika kwa msiba. Sisi tuko sita: baba watoto, mimi, watoto watatu na mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mezani anachambua mchele. Nikamsomea.

"Huyo mtu wa ziada ndiye nani?" akauliza.

"Kwa hesabu yao ni wewe, Mama, na huyu mdogo."

Akaondoa chuya, akaiweka pembeni ya sinia. "Waambie sijapata kuwa wa ziada popote. Nafasi yao wabaki nayo."

Uwanja ule ulikuwa na thamani kwetu kupita bwawa lake. Tulikuwa tukikutana huko familia kadhaa: sisi wa Tanga, jirani zetu wa Mombasa, nyumba moja ya Lubumbashi na nyingine ya Bujumbura. Wengine walikuja na karavani, wengine na mahema. Wanaume walichoma nyama, sisi tulipika pilau la sufuria kubwa nje, na watoto walizagaa kutwa nzima na baiskeli. Nyumbani ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza. Pale uwanjani, kwa kuwa yule mtoto wa Lubumbashi alikuwa amefika majuzi tu na Kiingereza hakijui, wote walimfuata kwenye Kiswahili, tena bila kuamriwa na mtu. Nilikuwa nikikaa kwenye kiti changu nawasikia wakigombana kwa lugha ya bibi yao, nikaona hela yangu imekwenda mahali pake. Ada ilipofika dola 60, nyumba ya Bujumbura iliacha kuja. Ilipofika 75, wa Lubumbashi wakaacha. Hakuna aliyetangaza kwamba hana uwezo. Kila mmoja alikuwa na kazi wikendi hiyo.

Baba watoto aliporudi tulikaa kulizungumza. Yeye ndiye aliyependa karavani tangu mwanzo, kwa sababu maisha yake yote ni barabara na alitaka siku moja moja barabara hiyo awe na sisi humo. Alinieleza alivyoona mambo yakibadilika. Wakati wa korona watu waliogopa ndege na hoteli, wakakimbilia vyombo vya magurudumu: mwaka 2021 peke yake viwanda vya Marekani vilipeleka sokoni zaidi ya karavani na magari ya kambi 600,000, idadi ambayo haikuwa imefikiwa kabla. Viwanja vya kambi havikuongezeka kwa kasi hiyo. Vile vilivyokuwa vya mzee na mkewe, wenye kibanda cha kuuzia barafu na kuni, vingi vimenunuliwa na kampuni kubwa zenye wawekezaji wanaotaka faida yao, na bei sasa inapangwa na kompyuta kama ya ndege: wikendi inapanda, sikukuu inapanda zaidi. Bima imepanda, kodi ya ardhi imepanda, umeme umepanda, na hilo nalo ni kweli. Lakini KOA, kampuni ya viwanja vya kambi, ilipofungua kambi yake ya kwanza kando ya mto Yellowstone, pale Billings, Montana, mwaka 1962, ilitoza dola 1.75 kwa usiku. Kwa thamani ya fedha ya leo hiyo ni kama dola 18. Hakuna bima wala kodi ya ardhi inayoweza kunieleza njia yote kutoka 18 hadi 89.

"Basi tuiuze," nikasema.

"Tusiiuze," akasema. "Tubadilishe pa kulala."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo miaka yote ya kuishi Texas sikuwa nimelijua. Jimbo hili lilipojiunga na Marekani mwaka 1845 lilibaki na ardhi yake ya umma, na madeni yake pia. Ardhi hiyo iliuzwa na kugawiwa kadiri miaka ilivyokwenda, na leo zaidi ya asilimia 90 ya Texas ni mali ya watu binafsi, imezungushiwa waya kutoka upeo hadi upeo. Ukivuka mpaka kuingia New Mexico hali inageuka ghafla. Kule idara ya serikali kuu inayoitwa BLM inashika mbuga na majangwa makubwa, na sehemu nyingi unaruhusiwa kusimamisha karavani yako bure, kwa kawaida hadi siku 14, kisha uhame. Hakuna bomba, hakuna umeme, hakuna wa kukuhesabu kama ni wa tano au wa sita.

Tukaondoka likizo ya Desemba. Usiku wa kwanza tulilala kwenye kituo cha mapumziko cha barabara kuu namba 10, kwa kuwa Texas inaruhusu msafiri kusimama hapo hadi saa 24, na mume wangu anavijua vituo vile kwa majina ya wafagizi wake. Asubuhi tukala mandazi ya jana na chai ya chupa, tukapita Fort Stockton, tukafika Van Horn, tukakata kaskazini. Adhuhuri mlima El Capitan ukajitokeza mbele yetu, ukuta wa mawe uliosimama wima juu ya jangwa, na nyuma yake kilele cha Guadalupe, mita 2,667, mahali pa juu kuliko pote Texas. Mama mkwe alimwomba mwanawe asimamishe gari. Alishuka akautazama muda mrefu, amejifunika kanga mbili juu ya koti.

Nafasi za karavani katika hifadhi ya Guadalupe ni chache na zote zilikuwa na watu. Tuliingia ofisini kulipa kiingilio tu, watoto wapate kutembea. Kiingilio ni dola 10 kwa kila mtu mzima, nasi wazima tulikuwa watatu. Mlinzi wa hifadhi, mama wa makamo mwenye kofia pana, alimtazama mama mkwe kwa adabu akauliza kama ameshatimiza miaka 62.

"Mwambie nimeitimiza zamani," mama mkwe akaniambia.

Ikawa ndiyo siku ya kadi. Raia wa Marekani, au mwenye ukaazi wa kudumu, akishatimiza miaka 62 anauziwa kadi ya wazee ya hifadhi zote za serikali kuu: dola 20 kwa mwaka mmoja, au dola 80 kwa maisha yake yote. Hadi mwaka 2017 hiyo ya maisha ilikuwa dola 10, kwa hiyo hata huku nako bei imepanda. Kwa kadi hiyo anaingia yeye pamoja na wazima watatu bila kulipa, na kwenye kambi nyingi za serikali kuu nafasi yake anailipia nusu. Sharti moja: mwenye kadi awepo yeye mwenyewe.

Baba watoto akatoa pochi. Mama mkwe akamshika mkono. Alifungua fundo la pindo la kanga, akatoa kitambaa, ndani ya kitambaa kadi yake ya ukaazi, na nyuma ya kadi noti za dola 20 zilizokunjwa mara nne nne. Alizinyoosha moja moja juu ya kaunta, nne. Kisha akaomba kalamu, akaweka saini polepole nyuma ya kadi mpya, jina lake kamili hadi la babu yake.

"Ya maisha," akamwambia mlinzi, kwa Kiswahili, na yule mama akaelewa.

Tulilala Sunset Reef, kambi ya BLM ya bure kando ya barabara ielekeayo Carlsbad, mwendo usiofika saa nzima. Vipo vibanda vya kivuli, meza na choo cha shimo, na zaidi ya hapo ni vichaka na nyota. Jioni ilikuwa njema. Tulipika wali wa nazi, samaki wa mkebe na kachumbari, watoto wakaona mwezi ukitoka pasipo taa yoyote ya kushindana nao. Baridi ikashuka. Tukawasha hita, tukalala.

Karavani ikiwa kwenye uwanja wa kulipia imechomekwa kwenye umeme saa zote, hivyo mtu haoni kinachokula nini. Jangwani kila kitu kinakuja kudai betri. Hita inachoma gesi, lakini feni inayosukuma lile joto inakula ampea saba au nane kila inapozunguka. Friji nalo linaendeshwa na gesi, ila kidhibiti chake cha elektroniki hakifanyi kazi bila betri. Pampu ya maji ni betri. Taa ni betri. Na betri yetu ilikuwa moja, ya asidi, iliyokuja na karavani yenyewe, aina ambayo haitaki kushushwa chini ya nusu. Saa tisa usiku feni ilipunguza mlio, ikakoroma, ikakata. Kisha kidude cha kunusa gesi, chini kabisa karibu na sakafu, kikaanza kulia kwa kukosa umeme: pi, pi, pi, bila kupumzika.

Watoto wote wakaamka. Mdogo akaenda kwa kupapasa kufungua bomba la sinki anywe maji, hakikutoka kitu, akarudi kitandani analia. Nje kulikuwa chini ya sifuri, na ukigusa dirisha kidole kinanata. Kifungua mimba wangu akasema tuingize jiko la mkaa tulilochomea jioni, bado lina makaa.

"Jiko halivuki mlango huu," mama mkwe akasema gizani. Sauti haikupanda. "Mkaa umemwua jirani yangu Pangani na wanawe wawili, wamelala, mlango umefungwa. Leteni mablanketi. Wote huku kwangu."

Akatupanga kwenye kitanda kikubwa, watoto watatu na mimi, migongo kwa migongo, akatufunika mablanketi, juu yake makoti, juu ya makoti kanga zake zote. Mwenyewe akalala ukingoni upande wa ukuta wa nje, ndiko baridi ilikotokea. Mume wangu alikuwa sakafuni anapambana na kidude kile, na kila kilipolia mama yake alihesabu kwa sauti, watoto wakahesabu naye, kwa Kiswahili, mpaka walipopotelea kwenye mia na kitu wakalala.

Alfajiri baba watoto aliunganisha betri na pikapu kwa nyaya, akawasha injini, umeme ukarudi. Sisi tulikuwa nje tunachemsha chai, tumelizunguka jiko, tumefurahi kuona jua. Hakuna aliyekumbuka bomba la mdogo. Lilikuwa wazi tangu usiku. Umeme uliporudi pampu iliamka na kufanya kazi yake, na wakati sisi tunapuliza chai, tangi la lita 150 lilikuwa linahamia kwenye tangi la maji machafu. Tangi la maji machafu ni dogo kuliko lile. Lilipojaa, maji yakatafuta pa kutokea, yakapanda kupitia tundu la bafuni: maji ya kuoshea sufuria za jana, yenye sabuni, mafuta na punje za wali, yakajaa beseni la bafu, yakavuka kizingiti, yakaenea kwenye zulia hadi chini ya kitanda.

Nilipofungua mlango niliona kandambili ya kitinda mimba wangu inaelea kuja kwangu.

Nilikaa kwenye ngazi. Nilichoka kwa namna ambayo si ya usiku mmoja. Niliwaza kwamba kule kwenye mialoni kuna bomba la maji na shimo la kumwagia kila nafasi, na kwamba tumefukuzwa kule na bei, tumeletwa huku tukaushe matambara jangwani na mtoto ana makamasi. Sikumlaumu mtoto, wala mume wangu. Niliuona ule uamuzi wa mtu fulani ofisini, asiyetufahamu, wa kutuhesabu wa tano na wa sita.

Mama mkwe hakukaa. Aliuliza maji mengine yako wapi. Yalikuwepo madumu mawili ya lita 20 nyuma ya pikapu. Aliyatoa, akayaweka kivulini, akatangaza kwamba kuanzia saa hiyo hakuna mkono utakaogusa dumu isipokuwa wake. Kikombe cha bati kikawa kata. Vyombo vilifutwa kwanza kwa karatasi, kisha vikaoshwa kwenye beseni moja kwa kata mbili. Uso na miguu, kata moja. Alipotaka kumwaga maji ya vyombo kwenye kichaka, kama tufanyavyo kwetu nyuma ya jiko, mwanawe alimweleza kwamba hapa ni kosa, yanakwenda na wewe mpaka mahali maalumu. Alifikiri, akasema, "Ni sawa. Hapa pana wenyewe na wametuacha tulale bure," akayamimina kwenye ndoo yenye mfuniko. Tangi la kiwandani lililotukimbia asubuhi moja ni lita 150. Madumu yale mawili yalitufikisha siku ya pili jioni, na yalibaki ya kutilia udhu.

Siku hiyo ya pili tulishuka kwenye mapango ya Carlsbad, chini zaidi ya mita 200, kwenye ukumbi mkubwa ambamo mawe yananing'inia kama vitambaa vilivyoanikwa. Kiingilio ni dola 15 kwa mtu mzima, na cha watu watatu kiliingia kwenye kadi. Mama mkwe alijumlisha mwenyewe kwa vidole: 30 za Guadalupe na 45 za hapa, bado dola 5 kadi ijilipe. Kisha tuliikokota karavani hadi mjini, tukalipia kumwaga maji machafu, tukajaza tangi, tukakausha zulia juani.

Nyumbani nilifanya hesabu nyingine, na hii nataka kila mwenye karavani aifanye kabla hajakimbilia cha bure. Kwenda na kurudi kulizidi kilometa 2,000. Pikapu ikivuta karavani inakwenda kilometa nne na kidogo kwa lita. Mafuta yalikula dola 400 na ushei. Usiku wa bure ulitugharimu karibu sawa na usiku wa mialoni. Ardhi ya bure ni neema kwa anayekaa Arizona au Nevada, na kwa mstaafu anayeweza kutulia wiki mbili mahali pamoja. Kwa mtu wa Houston mwenye watoto wa shule, sehemu kubwa ya ubure wake inaishia kwenye tangi la mafuta.

Kwa hiyo tumebadilisha tena. Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kilijenga mabwawa mengi nchini, na kando yake kina viwanja vya kambi. Kimoja kiko ziwa Somerville, mwendo wa saa mbili hivi kutoka kwetu. Nafasi yenye maji na umeme ni dola thelathini na kitu, na kwa kadi ya Bibi ni nusu. Hakuna bwawa la kuogelea, kuna ziwa. Tunakwenda katikati ya wiki, watu wakiwa wachache. Na katikati ya wiki imetufaa kwa jambo ambalo sikulitarajia: Idi. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi na moja hivi, haijui wikendi ya Wamarekani, na sheria ya Texas inamruhusu mtoto kukosa shule kwa siku kuu ya dini yake. Tumeswali Idi asubuhi Houston, na magharibi tukawa ziwani na pilau. Baba watoto ameweka betri mbili za lithiamu na paneli ya sola juu ya paa, na lile dumu la mama mkwe halishuki kutoka kwenye pikapu hata tukienda penye bomba.

Habari ya kadi imeenea. Mama wa Mombasa alipiga simu, "Shikamoo Mama," salamu ndefu, habari za mguu, habari za Tanga, mwisho akaomba kama Mama anaweza kufuatana nao wikendi moja. Mama mkwe alimjibu kwamba kadi haiazimwi, inakwenda na mwenye nayo, na mwenye nayo analala kwenye karavani ya mwanawe. Kisha akamwuliza, "Baba yako si yuko hapo kwako? Ana miaka mingapi?"

Ndivyo zilivyoanza kutafutwa kadi nyumba hadi nyumba. Mzee wa Mombasa ana miaka 71 na ukaazi wa kudumu. Bibi wa Lubumbashi ana 66. Walikuja kama wakimbizi, na kadi yake ya ukaazi ilitoka mwaka jana. Wa Bujumbura hawana mzee, lakini wana hema, na nafasi ya hema ni rahisi. Nafasi za ziwani zinafunguliwa miezi sita kabla, saa tatu asubuhi kwa saa zetu, na zile za kando ya maji hazikai. Siku ya kuweka nafasi ya Idi kila nyumba ilikaa na simu mkononi, mama mkwe akiwa na kadi yake juu ya meza yetu, akimsomea mjukuu namba moja moja kwa Kiswahili, mjukuu akiandika. Tulipata nafasi mbili zinazofuatana. Wa Lubumbashi wakapata ng'ambo ya njia. Ya Mombasa ilichukuliwa wakati mzee anatafuta miwani, na sasa mwanawe anaitazama simu kila asubuhi kabla ya kazi, kungojea mtu aghairi.